Uzi: Bustani za michezo ziuze pombe kwenye matamasha, au zisiuze?

FungaMkanda (mleta uzi)

Wakuu, heshima kwenu. Uzi utakuwa mrefu, nivumilieni, maana jambo hili nimelibeba muda mrefu bila mtu wa kumweleza.

Nimefanya kazi misimu saba kwenye bustani ya michezo, upande wa bembea na mashine zinazorusha watu juu. Kazi yangu ni kufunga mikanda, kushusha vyuma vya kifuani, kuvivuta mara mbili kuhakikisha vimeshika, kisha kumwinulia dole gumba mwenzangu aliye kwenye kibanda cha kuwashia. Ni kazi rahisi kuieleza na ngumu kuifanya ukiwa umechoka.

Msimu wangu wa tano, menejimenti ikaanza kuleta matamasha ya jioni. Jukwaa likajengwa uwanja wa katikati, kaunta za bia zikawekwa pande zote mbili. Mashine hazikuzimwa. Tiketi iliuzwa kwa maneno hayo hayo: muziki na michezo mpaka usiku.

Usiku mmoja akaja baba na binti yake, mtoto wa miaka sita au saba hivi. Kwenye ubao wa kupimia kimo binti alikuwa amefika alama ya chini, ile inayoruhusu kupanda mradi uwe na mtu mzima kando yako. Walikuwa wamepanga foleni muda mrefu. Nilipoinama kumfunga baba mkanda, harufu ikanipiga usoni. Macho yalikuwa mekundu, na alipojaribu kuingiza ulimi wa mkanda kwenye kufuli alikosa mara tatu. Nikamwambia kwa sauti ya chini, "Mzee wangu, samahani, leo siwezi kukupandisha."

Hakutukana. Alinyoosha kidole kwenye kaunta, hatua kama sitini kutoka tulipo, akasema: "Bia nimenunua pale, kwa vijana waliovaa sare kama yako. Mmeniuzia ninyi, sasa mnanikatalia ninyi?"

Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina. Foleni nyuma yake ilikuwa inapiga miluzi, binti ameshika tanzi la mkanda wa suruali ya baba yake, ananitazama mimi.

Siku iliyofuata nikaenda kwa msimamizi. Suluhisho lililopatikana likawa bango jipya mlangoni mwa mashine: mlevi haruhusiwi kupanda. Kaunta zikabaki pale pale.

Naomba tujadili kwa moyo mmoja. Mimi sipingi pombe wala sipingi muziki. Ninachosema ni kwamba bustani ya michezo haiwezi kuwa uwanja wa mashine na baa saa ile ile. Nawasilisha.

MamaWawili

Asante kaka kwa kulileta hili. Mimi naenda mbali kuliko wewe: isiuzwe kabisa. Nikinunua tiketi ya bustani ya watoto sijanunua tiketi ya baa.

Watu watasema biashara haiwezekani bila pombe. Walt Disney alifungua Disneyland kule California mwaka 1955 akiwa ameamua kwamba wageni wa kawaida hawatauziwa kilevi ndani. Mpaka mwaka 2019, ilipofunguliwa sehemu ya filamu za Star Wars yenye baa yake, mgeni wa kawaida alikuwa hauziwi. Hiyo ni miaka 64, na siku zote hizo watu walijaa.

Mimi kwenye tamasha la aina hiyo nilikuwa nasukuma kigari cha mtoto kuelekea lango la kutokea. Kijana mmoja alikuwa anarudi nyuma akicheza, haangalii, kikombe mkononi. Alikaa juu ya kigari. Hakuanguka jirani, alikaa JUU, na mtoto yumo. Chuma cha mbele kilipinda, na ndicho kilichomwokoa mwanangu. Kijana aliomba radhi hata akalia, alikuwa mtu mwema tu aliyelewa. Wema wake haukumpunguzia uzito.

Sauti_Jukwaani

Pole sana mama, Mungu ashukuriwe mtoto alitoka salama.

Lakini naomba nipinge kwa heshima, maana nafunga spika kwenye matamasha miaka mingi na nimeona pande zote. Ukizuia pombe ndani hujazuia ulevi. Umeuhamishia maegesho. Watu wanakunywa kabla ya kuingia, tena wanakunywa kwa haraka, tena vikali, kwa sababu wanajua ndani hakuna. Anakuja getini akiwa bado anatembea vizuri, nusu saa baadaye anaanguka mbele ya jukwaa.

Kuna mfano wa chuo kikuu cha West Virginia, Marekani. Zamani kwenye mechi zao za futiboli ya Kimarekani watazamaji walikuwa wanaruhusiwa kutoka wakati wa mapumziko na kurudi. Walikuwa wanakwenda kunywa kwenye magari. Mwaka 2011 chuo kikaanza kuuza bia ndani ya uwanja na kikafuta ruhusa ya kutoka na kurudi. Matukio ya ulevi yaliyowafikia polisi siku za mechi yakapungua.

Na England sheria ya mwaka 1985 inakataza kunywa pombe mahali unapouona uwanja wakati wa mechi za soka. Matokeo yake mapumziko ya dakika 15 yamekuwa mashindano ya kumeza. Mtu anagugumia bia mbili amesimama kwenye korido ili awahi kipindi cha pili. Kile kikombe angepewa akinywe taratibu kwenye kiti, kingemchukua nusu ya mechi.

Mkesha

Naunga mkono Sauti. Mtu mzima ni mtu mzima. Wachache wasitufungie wengi.

FungaMkanda

Sauti, hoja yako ya maegesho ni ya kweli na nimeiona kwa macho. Ila mifano yako yote ni ya viwanja. Kwenye uwanja wa mpira aliyelewa amekaa kwenye kiti cha saruji. Kwangu aliyelewa anataka nimnyanyue mita thelathini juu nikampindue kichwa chini. Hapo ndipo tunapoachana.

Daktari_wa_Masikio

Habari zenu. Nimeona uzi huu nikaona nichangie kwa upande wangu wa kazi, maana watu wengi wanadhani mlevi hupata kizunguzungu kwa sababu "pombe imepanda kichwani". Inapanda masikioni, kwa kweli.

Ndani kabisa ya sikio kuna vijimfereji vitatu vilivyopinda nusu duara, vimejaa majimaji. Katika kila kimoja kuna kipande laini kama jeli, kinaitwa kupula. Ukigeuza kichwa, majimaji yanabaki nyuma kidogo, yanaisukuma kupula, na ubongo unajua umezunguka. Kwa kawaida kupula na majimaji yanayoizunguka vina uzito sawa, ndiyo maana ukilala tu bila kuzunguka husikii chochote.

Pombe ni nyepesi kuliko maji. Ukinywa, inaingia kwenye kupula mapema kuliko inavyoingia kwenye majimaji, kwa sababu kupula iko karibu zaidi na mishipa ya damu. Kupula inakuwa nyepesi, inaanza kuelea. Sasa ukiinamisha kichwa au ukilala, inapinda yenyewe, na ubongo unaambiwa "tunazunguka" wakati umetulia. Saa nyingi baadaye pombe inatoka kwenye kupula kwanza, hali inageuka kinyume, na kizunguzungu kinarudi mtu akiwa haoni tena dalili ya ulevi.

Mchukue mtu huyo umweke kwenye rolakosta, ile treni ya michezo inayopanda na kushuka kwa kasi. Kipimo chake cha kujua juu na chini kimeharibika kabla mashine haijawaka. Atatapika, na atatapika akiwa amebanwa na chuma kifuani, pengine kichwa kikiwa kimeegemea nyuma. Matapishi kuingia kwenye njia ya hewa ni jambo la kuua.

Kuna jingine ambalo mleta uzi ameligusa bila kujua. Amesema walipanga foleni muda mrefu. Pombe haifiki kileleni kwenye damu mara tu ukimeza. Mara nyingi huchukua kati ya nusu saa na saa moja na nusu, kutegemea umekula nini na umekunywa kwa kasi gani. Baba yule alipoingia kwenye foleni inawezekana kabisa alikuwa sawa. Foleni ndiyo iliyompeleka kileleni, ikamfikisha kwako wakati mbaya kuliko wote.

FungaMkanda

Daktari, nimesoma aya yako ya mwisho mara mbili. Miaka yote nilikuwa nadhani aliingia foleni akijua amelewa, akaniletea ubishi. Nilimhukumu vibaya.

MamaWawili

Daktari samahani, na wale wanaosema wanakunywa kahawa au wanajimwagia maji kichwani ili walevuke kabla ya kuendesha gari?

Daktari_wa_Masikio

Haisaidii, mama. Kahawa inamwamsha mlevi, inakupa mlevi aliye macho. Ini ndilo linaloondoa pombe, na lina kasi yake: takriban kinywaji kimoja cha kipimo kwa saa. Kipimo chenyewe kinatofautiana, Uingereza wanahesabu gramu 8 za pombe halisi, Marekani 14. Hakuna njia ya kuliharakisha ini.

Mhudumu_Kaunta

Nimekuwa nasoma kimya, ngoja nami niseme, maana mnajadili kazi yangu.

Mnasema muuzaji akatae kumuuzia aliyelewa. Sheria karibu kila mahali inasema hivyo. Lakini njooni msimame kaunta ya tamasha dakika kumi tu. Taa za jukwaa zinawaka na kuzima, nyekundu, bluu, nyekundu. Huwezi kuona macho ya mtu. Muziki unapiga kiasi kwamba anakuagiza kwa vidole: viwili, vitatu. Huwezi kusikia kama ulimi umekuwa mzito. Amesimama ameegemea meza yako, kwa hiyo humwoni akipepesuka. Unamwona kwa sekunde kumi, halafu anamezwa na umati. Kila dalili tuliyofundishwa kuiangalia, tamasha limeifuta.

Halafu kuna kanuni ya vikombe viwili kwa mtu. Inaonekana nzuri kwenye karatasi. New Jersey mwaka 1999 mtazamaji mmoja alikunywa sana kwenye uwanja wa futiboli ya Kimarekani, akaendesha gari akiwa amelewa, akagonga familia, mtoto wa miaka miwili akapooza. Kanuni ya bia mbili ilikuwepo. Alisema alimwongezea muuzaji dola 10 akapewa sita. Mwaka 2005 baraza la wazee wa mahakama likaiamuru kampuni iliyokuwa inauza bia ilipe zaidi ya dola milioni 100. Mwaka uliofuata mahakama ya rufaa ikatengua hukumu hiyo. Nilipofundishwa kazi tulisimuliwa kesi hiyo siku ya kwanza. Kanuni nzima ilikuwa imekaa mkononi mwa kijana mmoja anayeishi kwa bahashishi.

Na bangili za umri. Zile za karatasi zenye gundi, vijana wanazilegeza na kuvalishana chooni. Nimekuta bangili imekatwa na kuunganishwa kwa gundi ya kucha. Kinachosaidia ni kuomba kitambulisho pale pale kaunta, kila mara, hata kama bangili ipo. Uingereza wauzaji wengi wana utaratibu kwamba yeyote anayeonekana chini ya miaka 25 anaombwa kitambulisho ingawa umri wa kisheria ni 18. Hapo huhitaji kubahatisha kama ana 17 au 19. Ila utaratibu huo unarefusha foleni, na meneja wa mauzo anasimama nyuma yako na saa.

Mkesha

Dada, hapo umenigusa. Nilikuwa naandika kama mnywaji, sikuwahi kufikiria aliye upande wa pili wa meza anaona nini.

Mratibu_Matamasha

Nichangie kama mtu anayeandaa haya mambo. Nitasema wazi kwa sababu naona wengi hawaijui hesabu.

Pesa ya mlangoni sehemu kubwa inaondoka na msanii mkuu. Inayobaki inalipa jukwaa, sauti, taa, jenereta, walinzi, gari la wagonjwa, bima, vibali. Mratibu anaishi kwa vinywaji na wadhamini, na wadhamini wengi ndio hao hao watengenezaji wa vinywaji. Ukiniambia "usiuze", umeniambia nilete msanii mdogo au nipandishe tiketi. Nikipandisha, familia ya MamaWawili ndiyo ya kwanza kushindwa kuingia.

Na bustani za michezo zenye pombe si jambo jipya. Tivoli ya Copenhagen ipo tangu mwaka 1843, ina migahawa inayouza pombe, na tangu mwaka 1997 ina matamasha ya rock Ijumaa za msimu, mashine zikiwa ndani ya ukuta huo huo. Busch Gardens ya Tampa, Florida, ilianza mwaka 1959 kando ya kiwanda cha bia, na wageni walikuwa wanaonjeshwa bia bure. Hata hiyo Disneyland ya mama ilikuwa na klabu ya wanachama yenye pombe tangu mwaka 1967. Na Disney walipofungua bustani yao ya karibu na Paris mwaka 1992 bila pombe, mwaka mmoja baadaye wakalegeza.

Mhasibu_wa_Zamu

Mratibu, hesabu yako ni ya kweli lakini haijakamilika. Nimefanya mahesabu ya bustani ya namna hiyo. Kwenye vitabu mauzo ya bia yanaingia kwenye safu moja, yanapendeza. Gharama zake zimetawanyika kwenye safu nne ambazo hakuna anayezijumlisha. Walinzi wa ziada wanaandikwa chini ya "ulinzi". Wasafishaji wa usiku kucha chini ya "usafi". Siti za mashine zilizotapikiwa, na mashine kusimama kwa nusu saa ikioshwa wakati foleni inasubiri, zinaandikwa chini ya "matengenezo". Bima inapanda mwaka unaofuata, hakuna anayekumbuka kwa nini. Na familia iliyoondoka mapema isirudi tena haiandikwi popote.

Niliwahi kuzijumlisha, usiku mmoja, tamasha moja tu. Bia ilileta faida, sikatai. Ilikuwa chini ya nusu ya ile iliyosomwa kwenye kikao.

Ukitaka kuona hesabu ya upande mmoja inavyoishia, soma kilichotokea Cleveland tarehe 4 Juni 1974. Klabu ya besiboli ilitaka kujaza uwanja, ikauza bia kwa senti 10 badala ya 65. Watu zaidi ya 25,000 wakaja, wengi kuliko kawaida yao. Kikomo kilikuwa vikombe sita kwa kila ununuzi, na hakukuwa na kikomo cha mara ngapi unanunua. Kuelekea mwisho mashabiki wakavamia uwanja, wachezaji wakajilinda kwa magongo, mwamuzi akavunja mechi na ushindi akawapa wageni. Mpango ule kwenye karatasi ulikuwa wa faida.

Sauti_Jukwaani

Lakini Mhasibu, senti 10 ni bei ya kualika vurugu. Haifanani na kuuza kwa bei ya kawaida, vikombe vidogo, kwa saa maalumu.

Mhasibu_wa_Zamu

Kweli, na hayo maneno yako matatu, bei, kikombe, saa, ndiyo mjadala wenyewe. Nakubaliana nawe zaidi ya unavyodhani.

KamandaWaGeti

Mimi ni mlinzi wa lango, na naona wote mnazungumzia ndani. Hatari kubwa ninayoiona mimi ni dakika ishirini baada ya wimbo wa mwisho.

Fikirieni: kwenye tamasha la kawaida watu wanaotoka ni wa aina moja. Kwenye bustani wanatoka wote kwa mpigo, wa muziki na wa michezo. Kuna bibi anayeshika mkono wa mjukuu, kuna baba amembeba mtoto mabegani amelala, kuna vigari, na katikati yao kuna watu wazima mia kadhaa wenye kupepesuka ambao hawajui wanasukuma nani. Mageti yale yametengenezwa kwa familia zinazotoka kidogo kidogo kuanzia alasiri. Hayakutengenezwa kwa umati. Mtoto wa miaka minne kwenye umati hapumui hewa ya juu, anapumua mapajani mwa watu. Nimemnyanyua mmoja juu ya kichwa changu nikampitisha kwa mwenzangu ng'ambo ya chuma, uso umeanza kuwa wa kijivu. Alipolia nilishukuru.

Kwa hiyo ombi langu ni dogo: kaunta zifungwe mapema. Besiboli ya Marekani kwa miaka mingi viwanja vilikuwa vinaacha kuuza bia kwenye kipindi cha saba kati ya tisa, ili mtu apate muda kabla ya kushika usukani. Mwaka 2023 mechi zilipofupishwa, baadhi ya timu zikasogeza mpaka cha nane ili zisipoteze mauzo, na mchezaji mmoja wa Philadelphia akasema hadharani kwamba ilipaswa iwe kinyume: mechi ikifupishwa, mauzo yafungwe mapema zaidi. Aliona sawasawa.

MamaWawili

Kamanda, ubarikiwe kwa kumnyanyua mtoto wa mwenzio.

Na Mratibu, umesema mimi ndiye nitakayeshindwa kulipa tiketi. Naomba nikujibu kama mama. Niko tayari kulipa zaidi kwa siku chache zaidi. Afadhali niende mara moja nikiwa na amani kuliko mara tatu nikiwa nimeshika mkono wa mtoto mpaka vidole vimekufa ganzi. Kombe la Dunia la Qatar mwaka 2022, siku mbili kabla ya mechi ya kwanza, bia ilipigwa marufuku kuzunguka viwanja. Watu walilalamika sana. Mwisho wa mashindano polisi wa Uingereza wakasema hakuna shabiki wa England wala Wales aliyekamatwa kule. Viwanja vilijaa vilevile.

Mratibu_Matamasha

Mama, sina la kukubishia kwenye hilo la amani. Naomba tu unielewe kwamba si kila mratibu ni mtu wa kuhesabu vikombe. Nina watoto pia.

Tuseme nikubali. Mnataka nifanye nini hasa? Nizungushie uzio sehemu ya wanywaji?

Mhudumu_Kaunta

Uzio unasaidia, kaka. Eneo moja, mlango mmoja, kinywaji hakitoki. Hapo namwona mteja akitembea, naona anarudi mara ya ngapi. Maji ya bure yawe ndani ya uzio huo huo, siyo mbali. England na Wales masharti ya leseni yanamlazimisha muuza pombe kumpa maji ya bomba bure anayeomba. Mtu mwenye kiu anakunywa kilicho karibu. Chupa za kioo zisiingie kabisa. Na muuzaji alipwe mshahara kamili, asiwe na asilimia ya mauzo. Hilo la mwisho ndilo msingi, mengine yote yanaliegemea.

Ila uzio haumtatulii mleta uzi shida yake. Mtu akitoka kwenye uzio saa mbili usiku na mashine zinawaka, bado anaenda kwake.

FungaMkanda

Ndiyo, dada, umelimaliza.

Nimewasoma wote, na nimebadilika sehemu moja. Nilikuja nikidhani kilichokosewa ni kuweka kaunta karibu na mashine. Daktari amenionyesha kwamba hata ingekuwa hatua elfu moja, foleni ingenifikishia mtu yule yule. Umbali hautibu kitu, kinachotibu ni saa.

Kwa hiyo Mratibu, hili ndilo ninaloandika kwenye barua kwa menejimenti, na nitaipeleka wiki hii. Siku ya tamasha, mashine ya mwisho izimwe jua likizama. Ipite saa nzima ya kuwatoa wenye watoto, kwa utulivu, mageti yote wazi, muziki wa chini. Baada ya hapo ndipo kaunta zifunguliwe, na wanaoingia wawe na tiketi ya pili, ya watu wazima. Wimbo wa mwisho ukibakiza saa moja, kaunta zifungwe. Siku ambayo menejimenti haitaki kuzima mashine, basi siku hiyo tamasha liwe la mchana bila pombe, na msanii achaguliwe wa kulingana na siku hiyo.

Mratibu_Matamasha

Saa ile ya katikati ndiyo inayouma. Hakuna mashine, hakuna mauzo, na walinzi wote wako kazini unawalipa. Na tiketi moja ya "vyote" ndiyo inayonunulika.

FungaMkanda

Mshika mbili moja humponyoka, mkuu. Na hapa kinachoponyoka ni mtu, amekaa kwenye siti niliyomfunga mimi kwa mikono yangu. Saa moja ya hasara naiomba kwa unyenyekevu.

Mratibu_Matamasha

Nitumie nakala ya barua. Nina tamasha msimu ujao kwenye bustani moja, nitajaribu hesabu yake na saa hiyo ndani. Mhasibu, kama una nafasi nitaomba unisaidie kuzijumlisha zile safu nne kwanza, nizione.

Mhasibu_wa_Zamu

Nipo. Njoo faragha tupange.

Mkesha

FungaMkanda, samahani nikurudishe nyuma. Yule binti ilikuwaje? Alipanda?

FungaMkanda

Hakupanda, mkuu. Kanuni ilikuwa hairuhusu bila mtu mzima, na mimi nisingeweza kuacha zamu nikae naye. Baba yake alishuka kwenye jukwaa la mashine taratibu, akakaa kwenye benchi la kusubiria, akajishika kichwa. Kikombe chake alikuwa amekiacha juu ya nguzo ya kuingilia, bado kina bia nusu. Binti akakifuata, akakibeba kwa mikono miwili ili kisimwagike, akampelekea. Kisha akakaa kando yake, miguu haifiki chini, wakaitazama mashine ikizunguka na watu wengine mpaka nilipomaliza zamu yangu.